Ushauri wa Kisheria kati ya Hakimu na Karani: Mahakama za Kirinyaga

Katika mahakama za chini za Uingereza, hakimu kwa kawaida ni raia asiye mwanasheria, anayeketi pamoja na wenzake bila mshahara, na mbele yao huketi mshauri wa sheria, yaani mtumishi wa mahakama mwenye taaluma ya uwakili, anayewaeleza sheria inasemaje bila kuingilia uamuzi wao kuhusu hatia. Mpaka huo ulijaribiwa mwaka 1923 katika shauri la mahakimu wa Sussex na mwendesha pikipiki aitwaye McCarthy, ambapo karani aliyeingia faraghani na mahakimu alikuwa wa kampuni ya mawakili iliyomwakilisha mtu aliyemdai McCarthy fidia kwa ajali ileile. Na ingawa karani hakutamka neno kuhusu shauri lenyewe, hukumu ilifutwa. Siku hizi ushauri unaotolewa faraghani hurudiwa mahakamani, ili pande zote ziweze kuupinga.

Kenya ilifuata njia nyingine. Sheria ya 1967 iliyounganisha mahakama za mahakimu iliondoa mahakama za Waafrika, ambamo wazee waliamua kwa mila, na nafasi yao ikachukuliwa na mahakimu wa wilaya ambao wengi hawakuwa wanasheria; baadaye, badala ya mwanasheria kuwekwa kando ya hakimu, hakimu mwenyewe ndiye aliyetakiwa awe mwanasheria, na kwa hiyo anayeketi Kerugoya, Wang'uru au Baricho, huko Kirinyaga, huketi peke yake, naye karani amebaki na majalada, viapo na ukalimani wa Kikuyu.

Hata hivyo, haja ya ushauri haikwisha, bali ilihamia kwenye dirisha la masijala, hasa katika mirathi ya mashamba. Mkazi wa Kutus asiye na wakili hufika na barua ya chifu inayotaja warithi, kisha hujaza fomu P&A 5, ambayo ni hati ya kiapo inayoandamana na ombi la usimamizi wa mirathi. Karani akimwambia kwamba dada zake walioolewa nao waorodheshwe, je, hayo ni maelekezo ya utaratibu au ni ushauri wa sheria? Ni yote mawili, kwa kuwa Sheria ya Urithi haimbagui binti kwa sababu ya ndoa, na orodha yenye pengo huweza kuvunja usimamizi uliokwisha kutolewa. Karani akinyamaza, dada hao hupata habari shamba likiwa limekwisha kugawanywa.

Kumkataza karani asiseme lolote, kama baadhi ya mawakili wanavyopendelea (nao wana maslahi yao), ni kumsukuma mwananchi kwa mhudumu wa saiba anayemjazia fomu kwa malipo bila kufungwa na kiapo chochote. Yafaa zaidi karani afunzwe sheria ya mirathi, na maelekezo yake yaandikwe kwa ufupi ndani ya jalada, mahali ambapo hakimu na kila mrithi anaweza kuyasoma na kuyapinga.