Kuinua Pikipiki Nyumbani kwa Usalama

Maelezo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya Bukiriro na majirani zao, wilayani Ngara



Katika vilima vya Ngara mzigo wa mkulima ulichukuliwa kichwani tangu zamani, baadaye ukachukuliwa kwa baiskeli, na leo sehemu kubwa yake huchukuliwa kwa pikipiki. Kahawa hutoka shambani kwenda ghala la chama kwa pikipiki. Mbolea hurudi kwa pikipiki. Katibu huenda benki na mkutanoni kwa pikipiki. Mama mjamzito anaposhikwa na uchungu usiku wa manane, mara nyingi ni pikipiki hiyo hiyo inayomfikisha hospitali. Tangu kanuni za mwaka 2010 ziliporuhusu pikipiki kuchukua abiria kwa malipo, vijana wengi wamepata riziki kwa njia hiyo. Na mwaka 2022 Wizara ya Kilimo iligawa pikipiki kwa maafisa ugani nchini. Hivyo basi pikipiki si chombo cha anasa tena. Ni zana ya kazi kama jembe na panga.

Jembe likilegea mpini mwenyewe hulikaza. Vivyo hivyo wenye pikipiki wengi hufanya kazi ndogo ndogo nyumbani: kukaza cheni, kuziba pancha, kusafisha breki, kubadili oili. Jambo hilo ni jema, kwani fundi yu mbali na fedha ni chache. Hatari yenyewe haimo katika spana. Imo katika kuinua. Ili gurudumu litolewe, tairi haina budi kuachana na ardhi; na pikipiki ya kawaida ya vijijini, kama vile Boxer au TVS, huwa na uzito wa kilo 110 hadi 130 hivi. Huo ni uzito wa zaidi ya gunia moja la mahindi, tena ni uzito wenye vyuma vikali na petroli ndani yake.

Na uchukuliwe mfano wa mwanachama anayetaka kutoa gurudumu la nyuma ili azibe pancha. Uani pake pana mteremko, na mvua imenyesha. Anaisimamisha pikipiki juu ya tofali mbili za udongo, anaanza kuvuta nati iliyokazwa kwa nguvu, tofali inapasuka, pikipiki inaanguka upande alipochutama. Mguu ukivunjika katika msimu wa kahawa, msimu mzima umekwenda. Kahawa huchumwa na watu wengine kwa malipo, deni la pembejeo halingoji, na ada ya watoto haingoji vilevile. Pancha iliyoweza kuzibwa katika saa moja imegharimu nyumba mwaka mzima.

Wapo wasemao kwamba ajali haina kinga. Msemo huo hufariji baada ya msiba. Hauwezi kuwa utaratibu wa kazi. Ajali ya namna iliyoelezwa hapo juu ina kinga, na kinga yenyewe ni ubao, kigogo, kamba na subira. Maelezo yafuatayo yamegawanywa katika sehemu ili katibu aweze kuyasoma mbele ya wanachama moja baada ya nyingine.

1. Pikipiki si baiskeli

Wengi walijifunza ufundi kwa baiskeli, nayo baiskeli hupinduliwa ikakaa juu ya tandiko na usukani wake. Pikipiki isipinduliwe kamwe, wala isilazwe ubavu ili gurudumu lipatikane. Ikilazwa, petroli humwagika kutoka tangini na katika kabureta, na cheche moja kutoka jikoni yatosha kuunguza nyumba. Betri nyingine zina maji ya asidi, nayo asidi huunguza ngozi na macho. Oili nayo huingia mahali isipopaswa kuwapo.

Aidha, ieleweke kwamba si kila kazi inadai kuinua. Kubadili oili, kusafisha plagi, kurekebisha klachi na kukaza taa hufanywa pikipiki ikiwa imesimama wima juu ya stendi yake bila kuongezewa kitu chochote. Anayeinua bila sababu anatafuta hatari bila sababu.

2. Mahali pa kazi

Kazi ifanyike mahali tambarare na pagumu. Katika sehemu za milima kama Bukiriro uwanja tambarare ni adimu, lakini mahali panapoanikwa kahawa au maharage mara nyingi hufaa. Wakati wa masika na wa vuli udongo hulainika, na miguu ya stendi huzama polepole upande mmoja; mwenye pikipiki haoni mpaka imekwisha inama. Dawa yake ni ubao mmoja mnene, wenye urefu wa mita moja hivi, ambao upana wake unazidi miguu ya stendi kwa kiganja kila upande. Gurudumu la nyuma na stendi vyote vikae juu ya ubao huo.

Kazi isifanyike jikoni wala karibu na moto, wala mtu asivute sigara. Injini izimwe, ufunguo utolewe, na bomba la moshi liachwe lipoe kwanza. Watoto na mifugo waondolewe. Mwenye kufanya kazi avae viatu vilivyofunga mguu. Kandambili haziwezi kuzuia kitu.

3. Nati ngumu hulegezwa kwanza

Hii ndiyo kanuni inayosahauliwa kuliko zote. Nati ya ekseli hukazwa sana, na anayeivuta kwa spana ndefu hutumia nguvu za mwili mzima. Nguvu hizo zikielekezwa kwenye pikipiki iliyokwisha inuliwa, huiangusha. Kwa hiyo pini itolewe na nati ilegezwe kidogo wakati tairi zote mbili zingali chini na mtu wa pili ameushika usukani. Ilegezwe tu, isitolewe. Baada ya kazi mambo hugeuzwa: nati hukazwa kiasi pikipiki ikiwa juu, kisha humaliziwa kukazwa kwa nguvu tairi zikiisha kugusa ardhi.

4. Kuiweka juu ya stendi kubwa

Watu wengi huivuta pikipiki kwa mikono na mgongo kama wanaotweka gunia, ndipo mgongo unapoumia. Stendi kubwa imetengenezwa ifanye kazi ya wenzo, na mguu wa mtu ndio unaoinua.

Pikipiki iwe haimo katika gia. Ubao mwembamba, wa unene wa sentimita 2 hivi, uwekwe chini ya tairi ya nyuma juu ya ule ubao mpana, ili stendi ishuke kwa urahisi. Mtu asimame upande wa kushoto, mkono wa kushoto ukishika usukani na mkono wa kulia ukishika chuma cha keria. Kwa mguu wa kulia aishushe stendi mpaka miguu yake yote miwili iguse ubao kwa pamoja. Ikiwa mmoja tu umegusa, pikipiki haijasimama wima. Kisha auweke uzito wake wote juu ya kikanyagio cha stendi, mgongo ukiwa umenyooka, huku mikono ikiongoza tu kuelekea nyuma na juu. Pikipiki itapanda yenyewe. Ikikataa kupanda, asiongeze nguvu. Atazame tena ubao na mahali miguu ya stendi ilipokaa.

Ikishapanda, wenzo wa breki ya mbele ufungwe kwa kipande cha mpira wa tyubu. Stendi kubwa hujikunja pikipiki inaposogea mbele, na breki iliyofungwa huizuia isisogee. Mpira huo haugharimu kitu, na pengine ndio ulinzi mkubwa kuliko wote uliotajwa hapa.

5. Kutegemeza gurudumu la mbele, na pikipiki zisizo na stendi kubwa

Gurudumu la mbele likihitaji kutolewa, stendi peke yake haitoshi. Kigogo cha mbao kiwekwe chini ya mabomba ya fremu yanayopita chini ya injini. Kama mabomba hayo hayapo, kiwekwe chini ya sehemu pana na bapa ya injini, ubao laini ukitandikwa kati yake. Kisiwekwe chini ya bomba la moshi, wala chini ya nati ya kumwagia oili, kwa maana sehemu hizo hupinda au hupasuka. Magurudumu yote mawili yasitolewe kwa wakati mmoja.

Kigogo kiwe cha mti mgumu uliokauka, mkaratusi kwa mfano, nacho kiwe kipana chini kuliko juu. Tofali za udongo hupasuka bila kutoa ishara. Mawe ya mviringo huteleza. Kreti za soda, madumu na ndoo havikutengenezwa kubeba chuma. Jeki ya gari ina kichwa kidogo, na pikipiki huweza kuteleza juu yake. Akiitumia mtu, aitumie kuinulia tu, kisha kigogo kiingizwe na mzigo ukae juu ya kigogo. Jeki huinua, kigogo hushika.

Zipo pikipiki, hasa zile za njia mbaya, zenye stendi ndogo ya pembeni tu. Kwa hizo seremala wa kijiji aweza kutengeneza kigoda imara. Kipimo chake hupatikana hivi: pikipiki isimamishwe wima, upimwe urefu kutoka ardhini hadi chini ya fremu, ziongezwe sentimita 5. Kuiweka juu ya kigoda hicho ni kazi ya watu watatu: mmoja ashike usukani na breki, wawili wainue kila mmoja upande wake kwa kuchutama na kunyanyuka kwa miguu. Kuitundika pikipiki kwenye boriti za paa hakufai, kwani boriti nyingi za nyumba ziliwekwa kubeba bati au nyasi. Kamba nzuri itumike kwa jambo moja tu, nalo ni kuifunga pikipiki kwenye nguzo imara ili isianguke ubavu.

Kabla kazi haijaanza, pikipiki isukumwe kidogo kwa mkono, upande huu na upande ule. Ikitikisika, ipangwe upya. Kama ni ya kuanguka, heri ianguke wakati huo, hali hakuna aliyechutama kando yake.

6. Cheni na vidole

Wako wanaoiwasha injini, wakaingiza gia, kisha wakapaka cheni oili huku gurudumu linazunguka hewani. Tendo hili limekatazwa kabisa. Kitambaa hunaswa, mkono hukifuata, na sproketi haichagui kati ya kitambaa na kidole. Injini izimwe, gurudumu lizungushwe kwa mkono kidogo, lisimamishwe, ndipo sehemu iliyopo ifutwe na kupakwa, kisha lizungushwe tena. Mkono ukae katikati ya cheni, mbali na meno. Cheni ikishakazwa ibaki na mchezo wa sentimita 2 hadi 3, au kama kitabu cha pikipiki hiyo kinavyoagiza.

7. Ikianza kuanguka

Pikipiki ikianza kuanguka, iachwe ianguke. Mwenye mali hutaka kuidaka, kwa sababu anaihurumia. Lakini hakuna mkono wa mtu unaodaka kilo 120. Kioo, wenzo wa klachi na taa hununuliwa dukani. Mguu hauna duka. Mtu na aruke nyuma, aitazame ikianguka, kisha afunge bomba la petroli na kuomba msaada wa kuinyanyua. Kwa sababu hiyo hiyo, asiwepo mtu wa kufanya kazi hii peke yake nyumbani. Walau awepo mmoja wa kuita wengine.

8. Wajibu wa chama

Si kila mwanachama aweza kununua mbao, spana na jeki, na wala si lazima. Ushirika ulianzishwa ili kile kisichowezekana kwa mmoja kiwezekane kwa wengi. Chama chaweza kuweka ghalani seti moja: ubao mpana, ubao mwembamba, vigogo viwili, kigoda kimoja, kamba na spana. Vitu hivi, ukiacha spana, hutokana na miti ya kijijini. Gharama yake ipitishwe na kamati kwa utaratibu wa kawaida na kuandikwa katika orodha ya mali.

Katibu awe na daftari la kuazima, lenye jina la mwanachama, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha na hali ya vifaa. Kigogo kilichopasuka kisipokelewe kimya kimya. Kiandikwe na kitolewe katika matumizi, maana atakayekiazima baadaye hatajua ufa ulipo. Kwa pikipiki iliyo mali ya chama, liwepo daftari la matengenezo. Humo yaandikwe kazi iliyofanywa, aliyeifanya na kilomita zilizosomeka siku hiyo. Daftari hilo litamwezesha mkaguzi kuona fedha ilivyotumika, na litamwezesha dereva kujua breki zilifunguliwa lini.

Mwisho, kabla pikipiki haijapanda barabara, mambo matatu yathibitishwe: nati za ekseli zimekazwa na pini zimerudi, breki zote mbili zinashika, na ule mpira wa tyubu umefunguliwa. Baada ya hapo izungushwe taratibu uwanjani mara moja au mbili, pasipo mzigo wala abiria.

Ndugu Wanachama, kesho asubuhi pikipiki hiyo itateremka kilima ikiwa na gunia la kahawa nyuma, au mtoto wa jirani anayepelekwa hospitali. Aliyeitengeneza jana uani ndiye aliyeshika usalama wa hao wote, na kwanza usalama wake mwenyewe. Ubao chini ya stendi huchukua dakika mbili kuwekwa. Basi na uwekwe.