Saa ya maji

Leo tunazungumza juu ya safari ya tanga katika hori la Chake Chake. Hori ni mkono wa bahari unaoingia ndani ya nchi. Hili letu latoka magharibi, lapita katikati ya mikoko, na kuishia chini ya mji. Bandari ya siku hizi iko Wesha, kwa sababu huku juu maji yakipwa hubaki tope na mfereji mwembamba tu.

Siku moja wakati wa kusi, mwezi ulikuwa mpevu. Sisi walimu wawili na wanakisomo tisa tulikwenda Ras Mkumbuu kwa mashua. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 10. Tuliondoka saa 11 alfajiri, baada ya kuswali. Upepo ulikuwa mdogo na mikoko iliuziba, lakini maji yalikuwa yanatoka, yakatuchukua. Nahodha alishika usukani tu, na kijana wake akasukuma kwa upondo penye kona. Saa 2 asubuhi tumefika.

Ras Mkumbuu pana magofu ya msikiti na makaburi yenye nguzo. Watu walikaa pale zaidi ya miaka 600 iliyopita. Basi sisi walimu, mnatujua, tukatoa kamba tukaanza kupima kuta, na kila mtu aandike.

Saa 8 mchana nahodha akaja. "Walimu, maji yanaingia. Twende zetu."

Tukamwambia, "Bado kidogo, baba."

Saa 10 akaja tena. "Maji yamesimama." Hakusema zaidi. Sisi tukadhani kusimama ni jambo zuri!

Tuliondoka saa 11 jioni. Tanga lilijaa, mashua ikakata maji vizuri, lakini miti ya pwani ilikuwa haisogei. Maji yalikuwa yanatoka, nasi twaingia. Saa 1 usiku tukapanda tope. Tulikaa hapo mpaka saa 7 usiku, na mbu juu yetu.

Mwenzetu mmoja alikuwa amemwacha mtoto wa miezi minane kwa mkwewe. Alituaga nyumbani kwake kwamba atarudi kabla ya magharibi. Maziwa yalimjaa mpaka nguo ikalowa. Alikaa kimya mbele ya mashua, uso ameuelekeza mjini. Kushuka hakuwezekani, tope lilikuwa la kiunoni.

Sasa tuandike hesabu ambayo nahodha anayo kichwani. Kwetu, siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kama saa 10 na hupwa kama saa 4, mchana na usiku. Kutoka kujaa mpaka kupwa ni saa 6 na kitu. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Leo yakijaa saa 10 jioni, kesho ni saa 10 na dakika 50. Keshokutwa je? Andikeni.

Mtoto tulimkuta amelala, amenyweshwa uji. Jioni ya pili yule mama alikuja darasani kama kawaida. Akasema, "Walimu, kabla ya tarehe, andikeni ubaoni saa ya maji."

Tukaandika.