Kitabu Kinaanzia Nairobi, Sisi Twaanzia Busia

Mazungumzo ya Afisa wa Mawasiliano wa Kaunti mbele ya walimu, wazazi na viongozi wa vyama, kuhusu maandalizi ya ziara za mbuga za wanyama. Tumeyachapa kama yalivyotolewa, baada ya kuyafupisha kidogo.

 

Mnakiona kitabu hiki. Ni mwongozo wa wasafiri nchini Kenya, kurasa mia kadhaa, jalada limeshikwa na gundi. Nilikinunua kwa muuza vitabu vya mitumba mjini Kisumu, na kwa muda mrefu nilijivunia kuwa nacho. Leo nataka niwaeleze jinsi kilivyonipotosha, halafu niwaeleze kwa nini bado sijakitupa.

Mnamo Desemba 2023 chama cha mama yangu kiliamua kwenda kutalii. Walikuwa wamechanga kidogo kidogo tangu katikati ya mwaka. Mwenye kuuza omena alitoa, mwenye mihogo alitoa, na mjane mmoja alilipa hamsini hamsini hadi akamaliza. Kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma, nikaambiwa nipange safari. Nikafungua kitabu, nikaona picha ya Ziwa Nakuru limejaa flamingo, yaani heroe, ufuo wote rangi ya waridi. Nikasema ni huko. Tulikodi basi dogo, tukaondoka Busia saa kumi alfajiri, watu 31 pamoja na watoto.

Kitabu changu kilichapwa mwaka 2009. Ramani yake ilionyesha lango kuu mahali ambapo baadaye ziwa lilipanda likapafunika, na lango likahamishwa. Kuanzia miaka ya 2010 na kuendelea maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda sana. Maji mengi matamu yalipoingia Nakuru, chumvi ilipungua, na mwani ambao ndio chakula cha flamingo ukapungua pia, ndege wengi wakaenda zao Bogoria na kwingineko. Mimi hayo sikuyajua. Tulipofika langoni nilikuwa na bahasha ya noti mkononi, nikaambiwa pesa taslimu hazipokelewi, kiingilio kinalipwa kwa eCitizen. Nikaanza kuhangaika kutafuta wakala wa M-Pesa, kuweka pesa kwenye simu, kufungua akaunti na kusubiri mtandao. Tuliingia saa tisa alasiri. Tukaona nyati, twiga na faru mmoja kwa mbali, ndipo ikabidi tuanze kutoka. Yule mjane akaniuliza kwa upole tu, "Mwanangu, wale ndege wako wapi?"

Sikuwa na jibu, na hakuna mtu mwingine wa kulaumu. Walinzi wa lango walifanya kazi yao. Mwandishi wa kitabu aliandika alichokiona siku zake. Kosa ni langu: nilisoma kitabu cha mwongozo kama mtu anavyosoma ratiba ya matatu.

Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla hujaangalia picha yoyote, fungua ukurasa ule wa mwanzoni wenye maandishi madogo ambao watu huuruka, utafute mwaka wa toleo. Vitabu hivi hurudiwa. Ule wa Rough Guide kuhusu Kenya, wa Richard Trillo, ulianza kutoka 1987 na umefuatiwa na matoleo mengi, kila moja likirekebisha la kabla. Ukiujua mwaka unajua cha kuamini. Mlima hauhami. Msitu, kimo cha mahali, baridi yake, tabia ya mnyama, njia ya kupinda kutoka barabara kuu: hayo hata kitabu cha miaka 15 hukueleza vyema. Lakini kiingilio, lango, nambari ya simu, hali ya daraja au nyumba ya wageni, hayo ni ya mwaka ule. Chukua penseli uyapigie mstari, kisha uyahakikishe kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kabla hujakusanya shilingi ya mtu.

Na kuhusu bei. Nimewasikia wengi hapa Bukhayo wakisema mbuga ni za wazungu. Nadhani sehemu ya fikira hiyo inatoka kwenye vitabu hivi, maana bei zake zimeandikwa kwa dola. Zile ni za mgeni kutoka ng'ambo. Raia hulipa kwa shilingi, kiwango cha chini mno kuliko hicho, mradi awe na kitambulisho. Shule nayo inaweza kuandika barua mapema kuomba nafuu ya ziara ya masomo. Nasema mapema, mwalimu, si Jumatatu kwa safari ya Ijumaa.

Sasa nije kwenye lile ambalo naona ni kubwa zaidi. Kitabu hiki kimeandikiwa mtu anayeshuka uwanja wa ndege wa Nairobi. Safari zake zote zinaanzia huko, na sisi tuko mwisho wa ramani. Busia imepewa aya chache: kuna mpaka, kuna malori, endelea na safari yako. Ukikifuata kama kilivyo, utapanda basi kwenda mbali kuona kile ambacho Mnairobi hukiona kwa wikendi. Kutoka hapa hadi Nakuru ni kilomita zipatazo 300. Basi la shule haliruhusiwi kusafiri usiku. Fanyeni hesabu wenyewe: mkitoka kumekucha mtafika karibu na saa sita mchana, na mkitaka kurudi nyumbani kabla ya giza, mgeuze palepale langoni. Safari ya siku moja ya Nakuru kwa shule ya Busia haiwezekani, lakini kila mwaka kuna anayeipanga.

Kigeuzeni kitabu. Kaeni chini na ramani, mweke kidole juu ya Busia badala ya Nairobi, kisha msome upya zile sura za nyuma ambazo wageni huzipita.

Mtakutana kwanza na Msitu wa Kakamega. Unapita Mumias, unafika. Ni kipande cha mwisho nchini Kenya cha aina ya misitu inayotoka Kongo, ndiyo maana ndege, vipepeo na miti yake mingine huwezi kuipata Mombasa wala Nyeri. Kuna mbega, kuna kima, na hakuna haja ya kukodi gari la kuzungukia kwani watu hutembea kwa miguu na kiongozi. Mukombero mnaotafuna hapa sokoni humea humo pia. Kitabu kitawaeleza jambo moja ambalo huwachanganya wengi: msitu ni mmoja lakini wenye kuusimamia ni wawili. Upande wa kaskazini, Buyangu, uko chini ya KWS, na njia yake inapinda kutoka barabara ya Kakamega kwenda Webuye. Upande wa kusini, Isecheno, uko chini ya Huduma ya Misitu, KFS, na unaufikia kwa kupitia Khayega na Shinyalu. Risiti ya upande mmoja si ya upande mwingine. Mkiwa na watoto wengi na siku moja tu, chagueni mmoja. Mimi ningechagua Buyangu, kwa sababu ya kilima cha Buyangu: mtoto akipanda pale anauona msitu wote umelala chini yake, na hapo anaelewa maana ya neno msitu kuliko kwa kuchorewa ubaoni.

Ya pili ni Saiwa, mbele ya Kitale, karibu na barabara ya Kapenguria. Ndiyo mbuga ndogo kuliko zote za kitaifa nchini, kilomita tatu za mraba hivi, iliyotengwa mwaka 1974 kumlinda nzohe, paa wa kinamasini mwenye kwato ndefu zilizopanuka zinazomwezesha kutembea juu ya tope. Wenzetu wa Bunyala wanamjua, maana yumo pia katika kinamasi cha Yala. Saiwa hairuhusu magari ndani. Mnatembea, mnapanda vibanda vya mbao, mnatulia na kutazama. Hapa kitabu kinasaidia sana, kwa sababu kinasema nzohe huonekana alfajiri na jioni, na mchana hujificha. Mkifika saa saba mchana na watoto wanaopiga kelele mtaona mafunjo. Kwa hiyo Saiwa ni safari ya kulala Kitale, tena si ya darasa zima la watoto 60.

Mlima Elgon nao uko huko, kwa lango la Chorlim. Sifa yake ni mapango ambamo ndovu huingia usiku kuchimba chumvi kwa pembe zao. Pango la Kitum ndilo maarufu. Nitasema hili bila kuwatisha: watu wawili waliokuwa wametembelea pango hilo, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987, waliugua homa ya Marburg wakafariki, na baadaye wataalamu walithibitisha kwamba popo wa mapangoni hubeba virusi hivyo. Tafuteni kama kitabu chenu kimelitaja. Kama hakijataja, basi mjue. Mwulizeni askari wa wanyamapori kabla ya kuingia, na mtoto asishike popo wala kinyesi chake. Na sweta, jamani. Mtu wa Busia hajui baridi ya Elgon.

Kuna Ruma pia, kule Homa Bay, mahali pekee nchini anapopatikana porini swala mkubwa aitwaye korongo, asichanganywe na ndege wa jina hilo. Huko gari lahitajika, na mbung'o wapo.

Hata majira yanahitaji kugeuzwa. Vitabu vingi hushauri mtu aje Kenya kati ya Juni na Oktoba kwa sababu ni kiangazi. Ni kiangazi cha Mara na Tsavo. Sisi tunajua Agosti ya magharibi: asubuhi jua, alasiri mvua ya mawe. Likizo ya Agosti mtaikuta Kakamega ina matope hadi magotini. Mwishoni mwa Desemba hadi Februari ndiyo nyakati zetu za kukauka, basi walimu, likizo ya mwisho wa mwaka ndiyo yenu.

La mwisho ni kuhusu ule mstari. Katika kitabu cha Kenya ramani inaishia Malaba na Busia, na ng'ambo ya pili karatasi ni nyeupe. Mgeni akiona weupe ule anadhani hakuna kitu. Sisi tuna shangazi kule. Tororo na Mbale ziko karibu na Malaba kuliko Eldoret. Elgon ni mlima mmoja wenye mbuga mbili, na kilele chake cha juu kabisa, Wagagai, mita 4,321, kiko upande wa Uganda. Ofisi ya mbuga hiyo iko Mbale, na kule nako raia wa Afrika Mashariki ana bei yake tofauti na ya mgeni. Tangu 2014 Mkenya huvuka kwa kitambulisho cha taifa, na tangu kituo cha pamoja cha mpaka kilipozinduliwa rasmi hapa Busia mwaka 2018, mambo yote ya kuvuka hufanywa mahali pamoja. Ulizieni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Mwenye gari aulizie kibali cha muda cha gari na bima ya kadi ya njano ya COMESA kabla ya siku ya safari, asije akawaacha abiria juani. Kwa ziara hiyo mtahitaji kitabu cha pili, cha Uganda. Viwekeni viwili mezani, vishikanishwe mpakani.

Chama cha mama kimeanza kuchanga tena. Safari hii wameamua wenyewe ni Kakamega, Januari, na mimi nimepewa kazi ya kupiga simu tu. Yule mjane amekwisha kulipa.

Kitabu changu nitakiacha kwa katibu wa kikao. Nimekirekebisha kwa penseli sura ya magharibi, kurasa za Kakamega, Saiwa na Elgon. Anayetaka kupanga safari na aandike jina, achukue kwa wiki mbili, na akigundua jambo lililobadilika aongeze maandishi yake pembeni.