Kinubi cha Daudi na Kibanda cha Gemu

Somo: 1 Samweli 16:14-23



Somo la Dominika hii latuingiza katika nyumba ya mfalme mwenye huzuni. Sauli, mtu mrefu wa kimo na shujaa wa vita, alisumbuliwa rohoni hata watumishi wake wakahangaika. Hawakumhutubia, wala hawakumwambia ajikaze. Walimtafutia kijana ajuaye kupiga kinubi. Naye Daudi alipokipiga, mzigo uliomwelemea mfalme ulipungua, akapata kupumua.

Kinubi ni kitu gani mbele ya taabu kubwa namna hiyo? Ni mti na nyuzi tu. Hata hivyo Mwenyezi Mungu hakuona haya kumpitishia Sauli nafuu katika mti na nyuzi. Tulishike neno hilo, kisha tutazame jambo linalozungumzwa sana majumbani mwetu hapa Kalangalala na katika mji mzima wa Geita: vijana wetu na michezo ya video, ile wanayoiita gemu. Wengine huicheza katika simu. Wengine huenda vibandani, wakalipa senti chache, wakakaa mbele ya runinga kucheza mpira kwa vidole.

Sisi wazazi tunalo neno moja juu yao: "Wanapoteza wakati." Mara nyingi twasema kweli. Lakini tumfikirie kijana mmoja, nasi tukaao katika nchi hii ya dhahabu twawafahamu walio kama yeye. Kaka yake aliingia duarani asubuhi, kifusi kikaporomoka, hakutoka akiwa hai. Matanga yakaanuliwa, ndugu wakarejea makwao, machimbo yakaendelea na kazi. Kijana huyu kila afumbapo macho aliona shimo lile. Jioni tukamkuta kibandani, macho ameyakaza kwenye runinga, tukaambiana: "Udongo wa kaburi la kaka yake haujakauka, naye anacheza!"

Je, tuna hakika kwamba alikuwa anacheza tu? Huenda hiyo ilikuwa saa pekee ya siku nzima ambayo hakuliona shimo.

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya umeme kufika. Msibani, baada ya maziko, wanaume huketi nje siku kadhaa, chini ya mti au turubai. Huletwa bao, ambalo Wasukuma wana aina yao waiitayo isolo, au huletwa drafti, au karata. Kete hutembea shimo kwa shimo, watu wakabishana na kutaniana. Hata mfiwa huitwa: "Njoo, mzee, ushike bao." Hatujasikia mtu akisema kwamba mfiwa huyo amemdharau marehemu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kulicheza vema kwataka akili yote. Akili iliyo kazini kuhesabu kete hupumzika kidogo kuhesabu hasara.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hilo kwa njia yao. Upo mchezo wa video uitwao Tetris, uliobuniwa na Mrusi Alexey Pajitnov mwaka 1984. Mchezaji huyageuza maumbo yanayoshuka toka juu ili yapangike vizuri chini. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali moja ya Oxford, Uingereza, kwa watu 71 waliotoka katika ajali za barabarani. Baadhi yao, wakiwa bado hospitalini saa chache tu baada ya ajali, waliombwa waikumbuke ajali yao, kisha wakacheza Tetris kwa muda mfupi. Katika juma lililofuata, hao walijiwa na picha za ajali mara chache zaidi kuliko wenzao ambao hawakucheza. Watafiti walieleza kwamba jicho la moyoni haliwezi kushika picha nyingi kwa wakati mmoja. Likishughulika kuyageuza maumbo, ile picha ya kutisha hukosa nafasi ya kukita mizizi.

Tena yuko jirani yetu wa Afrika Mashariki aliyeupita mpaka wa kucheza. Lual Mayen ni mtoto wa Sudan Kusini, aliyezaliwa wazazi wake wakiwa njiani kuikimbia vita, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Alitamani kompyuta. Mama yake, asiyekuwa na kitu, aliweka akiba kwa miaka mitatu hata akatimiza dola 300, akamnunulia. Kambini hapakuwa na umeme wa kuichaji, na kijana alitembea mwendo wa saa tatu kuutafuta. Akajifundisha mwenyewe, akatunga mchezo alioupa jina Salaam, maana yake amani. Ndani yake mchezaji humwongoza mkimbizi anayeikimbia hatari. Mwaka 2018 alitunukiwa heshima huko Marekani katika sherehe kubwa ya tuzo za michezo ya video. Tumtazame hasa yule mama. Huenda mchezo wa video haukuwa na maana yoyote kwake, lakini alimfahamu mwanawe, na hilo lilimtosha.

Hata hivyo, wapendwa, tusikifunge Kitabu cha Samweli mapema. Tukiendelea hadi sura ya 18 na ya 19, twamkuta Sauli yule yule, na Daudi yule yule, na kinubi kinalia. Safari hii mfalme ana mkuki mkononi, naye amrushia mpigaji. Kinubi kilimpa nafuu, lakini hakikuutoa wivu uliokuwa moyoni mwake. Sauli alitumia saa za nafuu kupumzika, asizitumie kutubu wala kupatana na mtu.

Basi hapo ndipo hatari ya mchezo ilipo. Shirika la Afya Duniani liliyakubali mwaka 2019 matatizo ya kutawaliwa na michezo ya video kuwa ni ugonjwa, pale mtu anaposhindwa kujizuia na kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine ya maisha, ingawa waona unamdhuru. Tena tusichanganye mchezo na kamari. Zile mashine za kutumbukiza sarafu, ziitwazo dubwi, hazimpumzishi mwenye huzuni. Zamwongezea deni juu ya msiba.

Kijana wetu unayetusikiliza, jipime hivi. Ukiliweka gemu chini, je, una nguvu ya kumwamkia mama, kula, kulala na kwenda kazini kesho? Kama ndivyo, mshukuru Mungu kwa kinubi chako. Kama sivyo, kinubi kimegeuka mkuki, nawe umwendee mtu umwambie.

Nasi wakubwa tujipime. Msibani, kete hazikumsaidia mfiwa peke yake. Alisaidiwa pia na yule aliyeketi upande wa pili wa bao. Rafiki za Ayubu walifanya vema zile siku saba walizoketi naye chini bila kusema neno. Walikosea walipoanza kumhukumu. Kijana wetu kibandani anacho kinubi, lakini upande wa pili wa bao hayupo mtu, kwa kuwa sisi tumesimama mlangoni tukimsema.

Basi juma hili tuingie ndani. Tuketi kando yake na kumwomba: "Mwanangu, nifundishe." Tukubali kufungwa mabao matano na kuchekwa. Mchezo ukiisha, tusikimbilie mawaidha. Tumuulize: "Kaka yako alipenda timu gani?" Hapo huenda akalia, na huenda likawa chozi la kwanza tangu maziko. Tukae naye mpaka amalize, kisha tumpeleke nyumbani akale.

Tuombe. Ee Bwana, uliyempa Sauli nafuu kwa mkono wa kijana, wape nafuu vijana wetu waliofiwa katika machimbo. Ubariki kila kitu kidogo kinachowafikisha asubuhi. Utuondolee ulimi mwepisi wa kuhukumu, utupe miguu myepesi ya kwenda kuketi nao. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.