Dawa ya Kisukari Haiachwi kwa Kuona Nafuu

Somo letu leo ni dawa za kisukari.

Nyuma ya tumbo la chakula kuna kongosho. Kongosho hutoa insulini, nayo insulini huifungulia sukari mlango, itoke katika damu na kuingia mwilini ikatutie nguvu. Insulini ikikosekana, sukari hubaki katika damu. Ndipo mtu huona kiu, hukojoa mara kwa mara na kukonda.

Zamani mtoto aliyepatwa na kisukari hakuishi sana. Mwaka 1921, mjini Toronto katika nchi ya Kanada, Banting na Best walifaulu kuitoa insulini katika kongosho za wanyama. Januari 1922 ilijaribiwa kwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson. Sindano ya kwanza haikumfaa. Dawa ikasafishwa, akapigwa tena, sukari ikashuka. Aliishi miaka 13 zaidi.

Wako wagonjwa ambao kongosho zao hazitoi insulini. Hao sharti wapigwe sindano kila siku. Wengine, nao ndio wengi, wanayo lakini haiwatoshi. Hao mara nyingi huanza na vidonge, kama metformini, humezwa pamoja na chakula visichafue tumbo.

Hapo ndipo watu wanapoteleza. Mtu amemeza vidonge miezi mitatu, kiu imekwisha, husema, "Nimepona." Huacha. Kumbe hakupona, dawa ndiyo iliyokuwa ikizuia! Sukari hupanda tena kimya kimya, ikaharibu macho, figo na miguu. Kwa mtu wa sindano hatari haingoji: akiacha siku chache tu aweza kufa.

Je, asiye na jokofu afanyeje? Insulini huharibiwa na joto, na ikiganda barafu huharibika vilevile. Twaa chungu kidogo, ukiweke ndani ya chungu kikubwa, katikati ujaze mchanga, uumwagie maji kila siku. Dawa iwe katika chungu cha ndani, imefunikwa, pahali penye kivuli na upepo. Ni kazi ile ile ya mtungi unaopoza maji ya kunywa.

Tena, aliyepigwa sindano asikae na njaa. Akitetemeka, akitoka jasho, akasema ovyo, sukari imeshuka mno. Mpeni maji ya sukari upesi, maadamu aweza kumeza. Naam, mgonjwa wa sukari hupewa sukari! Akizimia, msimtie kitu kinywani, mkimbizeni hospitali.

Sasa, mwalimu, andika ubaoni: kongosho, insulini, sindano, kidonge. Kila mmoja asome kwa zamu.