Kuagana na Mbwa wa Nyumbani

Jioni ya leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda wengine wataliona kuwa dogo, au hata la kuchekesha. Twataka kusema habari za mbwa aliyezeekea nyumbani, na jinsi ipasavyo kuagana naye siku zake zikiisha. Rafiki yetu mmoja, alipopata habari kwamba tunaandika mazungumzo haya, alituuliza kama tumekosa la kusema. La, hatukukosa. Kifo cha mbwa huingia katika nyumba nyingi, na kikiingia, watu wazima hutazamana tu, wala hawajui la kufanya wala la kuwaambia watoto.

Twajua ya kuwa jina la mbwa halina heshima katika lugha yetu. Mtu akitaka kumtukana mwenziwe humwita mbwa, na matusi yamekwisha. Tena Waislamu wa pwani, walio wa madhehebu ya Shafii, wana sheria juu ya mate ya mbwa, kwamba chombo kioshwe mara saba, na mojawapo kwa udongo. Na hilo si la kubishana. Lakini sheria hiyo hiyo humruhusu mbwa wa kuwinda, wa kuchunga na wa kulinda. Na katika mafundisho yake imo habari mashuhuri ya mtu aliyeteremka kisimani kumtekea maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Basi kumtendea mema mnyama huyu si jambo geni kwa yeyote anayetusikiliza.

Wala si geni katika bara letu. Mwaka 1935, watu waliokuwa wakichimba makaburi ya kale huko Giza, nchi ya Misri, chini ya Mmarekani aitwaye George Reisner, walivumbua jiwe lenye maandishi. Jiwe hilo lilikuwa limetumiwa tena katika kujenga kaburi la mtu, na maandishi yake yalikuwa habari za mbwa. Jina lake Abuwtiyuw, naye alikuwa mlinzi wa mfalme. Alipokufa, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, mfalme aliamuru azikwe kwa heshima, apewe jeneza kutoka katika hazina yake, na nguo za kitani, na ubani, na waashi wamjengee kaburi. Jina la mfalme mwenyewe halimo katika jiwe lile. La mbwa limo.

Sisi hatuna hazina ya mfalme, wala hatumshauri mtu amnunulie mbwa sanda. Neno letu ni dogo zaidi: mbwa aliyelinda nyumba asiachwe afe peke yake porini, wala watoto wasidanganywe.

Nyumbani kwetu tulikuwa na mbwa mwekundu aitwaye Simba, kama waitwavyo nusu ya mbwa wa nchi hii. Aliletwa ndani ya kikapu, mdogo kama paka, akalala usiku wa kwanza akilia mpaka alfajiri. Baadaye hakuna aliyelala vizuri ila kwa ajili yake. Nguruwe mwitu walipoyajia mahindi, yeye ndiye aliyetangulia, na watu wakafuata na mienge. Na sikio lake la kushoto lilikuwa na pengo alilotiwa na nyani. Watoto walipokwenda kuteka maji, aliwasindikiza hata mtoni, akalala juu ya jiwe akiwangoja, kana kwamba ametumwa na mtu.

Mbwa haishi sana. Wengi, wakitunzwa vizuri, hufika miaka 10 mpaka 13, na wenye miili mikubwa aghalabu huondoka mapema kuliko wadogo. Katika mwaka wake wa kumi na mbili Simba aliziba masikio. Macho yakaingia ukungu. Alianza kutubwekea sisi wenyewe tukirudi jioni, hata apate harufu yetu. Ndipo alipotikisa mkia na kuinamisha kichwa, kama mzee aliyemkosea mgeni jina. Baadaye miguu ya nyuma ikakataa. Akawa akilala penye majivu ya jikoni, na mama wa nyumba akawa akimruka kila apitapo na sufuria, bila kumfukuza. Mwisho akakataa chakula siku tatu, hata mchuzi wa mifupa.

Tukakaa shauri. Mzee mmoja, jirani yetu, alisema atiwe kamba apelekwe porini, maana ndivyo walivyofanya wazee wake. Mwingine akasema aachwe tu, Mungu atamchukua. Hatukuwadharau, maana kila mmoja alisema kwa alilozoea. Lakini mbwa aliyefungwa porini hafi kwa amani. Hufa kwa kiu, au fisi humwanza angali hai. Na yule aliyeachwa tu, usiku kucha tulisikia akiugua. Basi tukampelekea habari bwana mifugo.

Hapa yatupasa tusimame kidogo, kwa kuwa si kila mbwa anayekufa anakufa kwa uzee. Uzee huja polepole, kwa miezi na miaka. Mbwa akigeuka ghafula, mpole akawa mkali au mkali akawa mpole kupita kiasi, akatokwa na mate mengi, akashindwa kumeza, sauti ikabadilika, akauma ovyo hata vijiti, huyo msimshike wala msimpapase kwa huruma. Huenda ni kichaa cha mbwa. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, walio wengi katika Asia na Afrika, na karibu wote huupata kwa mbwa. Aliyeumwa na aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile akachanjwe. Maana dalili zikiisha kutokea kwa mtu, ni nadra mno apone. Na bwana mifugo aitwe.

Simba hakuwa na dalili hizo. Bwana mifugo alimtazama meno, akamsikiliza moyo, akatuambia waziwazi kwamba hakuna dawa ya uzee. Akatueleza kazi yake kabla ya kuianza, na tulimshukuru kwa hilo. Sindano ya kwanza humtia mbwa usingizi. Ya pili husimamisha pumzi na moyo, kwa muda wa dakika chache, naye hana habari. Alituonya kwamba macho hayafumbi, na pengine mwili hushtuka au kutoa mkojo baada ya kufa, wala hayo si maumivu. Mtoto asiyeambiwa hayo mapema ataogopa bure.

Watoto waliulizwa kama wataka kuwapo. Mkubwa alikubali, akakishika kichwa cha mbwa. Mdogo alikwenda kukaa nyuma ya ghala, na hakuna aliyemlazimisha. Mama wa nyumba, ambaye siku zote alisema kwamba yeye hapendi mbwa, ndiye aliyemtandikia kanga yake kuukuu.

Kaburi lichimbwe refu, lifike kiunoni mwa mtu mzima au zaidi, mbali na kisima na mto. Sababu si fisi peke yake. Dawa ile ya sindano hubaki ndani ya mzoga, na tai au mbwa wa jirani akiufukua akala, aweza kufa naye. Juu yake tuliweka mawe.

Juu ya watoto tuna neno moja ambalo twalishika sana. Waambieni kwamba mbwa amekufa. Wako wazazi, wenye nia njema kabisa, wasemao kwamba ametoroka, au amepelekwa shamba la mbali. Mtoto aliyeambiwa hivyo hulia kidogo siku ile, kisha humngoja. Kila mbwa abwekaye usiku humwamsha, naye huenda mlangoni. Kifo ni neno zito, lakini mtoto aliyeona kuku na mbuzi wakifa si mgeni nalo. Na akilia, mwacheni alie, mvulana kwa msichana, wala asichekwe kwamba anamlilia mbwa.

Baada ya siku chache nyumba itaonekana ina kimya. Mtu hurusha mfupa mlangoni, kisha akakumbuka. Wengine hutaka mtoto wa mbwa kesho yake, maana nguruwe hawangoji matanga. Wengine hawataki kabisa kwa mwaka mzima. Hakuna sheria katika jambo hili. Ila akija mwingine, asitengwe na mama yake kabla ya majuma manane, na akifika miezi mitatu achanjwe kichaa, kisha tena baada ya mwaka. Na mtoto akitaka kumpa jina la yule wa kwanza, mpeni ruhusa.