Pikipiki Iliyotumika Inapolia: Tusikilize Kabla ya Kufungua Injini



Leo tunazungumza habari ya milio ya pikipiki. Wengi wetu hatununui pikipiki mpya. Tunauza pamba, tunaweka akiba, halafu tunanunua iliyokwisha tumiwa na mtu mwingine. Siku ya tatu au ya nne unatokea mlio ambao siku ya kununua haukuwapo. Hapo fedha ya msimu mzima inaweza kupotea kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuendelea kuiendesha mpaka injini ife. Ya pili ni kumpa mtu mwenye spana ambaye anafungua injini kabla hajasikiliza. Kwa maoni yetu hii ya pili ndiyo inayokula fedha nyingi zaidi vijijini.

Tutoe mfano. Mzee mmoja alikuja karakanani kwetu akisukuma pikipiki yake. Alikuwa ameambiwa kranki imekwisha, na tayari alikuwa ametafuta mnunuzi wa ng'ombe ili apate fedha ya matengenezo. Tukamwuliza: "Baba, ukizima injini kwenye mteremko, mlio unakoma?" Akasema hajajaribu. Basi tukaenda naye mteremkoni, penye njia nyeupe isiyo na watu. Tukaweka gia huru, tukazima injini, tukaiacha iteremke yenyewe taratibu. Mlio ukabaki vilevile: kra, kra, kra. Sasa jamani, injini iliyozimwa itagongaje? Kumbe ilikuwa cheni! Vipande vyake vingine vilishikwa na kutu hata havikunjiki, na meno ya sproketi ya nyuma yalikuwa yamepinda kama ndoana. Akanunua cheni pamoja na sproketi zake mbili. Ng'ombe akabaki zizini.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutenga mlio wa injini na mlio wa mwendo. Pikipiki ikiwa imesimama, gia huru, injini inawaka, na mlio upo, tafuteni kwenye injini. Kama unasikika pikipiki ikitembea tu, na unaongezeka kadiri magurudumu yanavyokimbia, anzeni na cheni, beringi za magurudumu, breki na spoku. Shikeni gurudumu kwa mikono miwili mlitikise kushoto na kulia. Likicheza, beringi zimelegea au zimekwisha. Cheni nayo ivuteni kwa kidole nyuma ya sproketi kubwa. Ikiinuka mpaka nusu ya jino inaonekana, imechakaa, na kuikaza hakutaiponya. Cheni nzima huwa na mchezo wa sentimita 2 mpaka 3 katikati, juu na chini. Msiikaze kama waya wa gitaa, maana mtaua beringi.

Halafu kuna milio ya bure kabisa: kibati cha namba, kava la bomba la moshi, nati ya kishikio cha taa. Bonyezeni kila kimoja kwa kijiti wakati injini inawaka. Ukibonyeza na mlio ukanyamaza, umeupata. Hii ni dawa ya bei ya nati moja.

Sasa tuingie kwenye injini. Chukueni bisibisi ndefu. Ncha iwekeni kwenye chuma cha injini, mpini uwekeni sikioni. Chuma kinapitisha sauti vizuri, na mtasikia mahali mlio unapozidi. Angalieni nguo na mikono isifike kwenye cheni, na msiguse bomba la moshi.

Mlio mwembamba juu ya injini, tik-tik-tik, mara nyingi ni tapeti. Tapeti ina nafasi ndogo sana iliyoachwa kwa makusudi. Kwa mfano, injini ya Honda CG125, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1976, nafasi hiyo ni milimita 0.08 injini ikiwa baridi. Ni karibu sawa na unene wa karatasi ya daftari. Hapa watu wengi wanakosea. Wanataka tapeti inyamaze kabisa, basi fundi anaibana. Valvu iliyobanwa haifungi sawasawa, moto unapita pembeni yake, na baada ya muda inaungua. Pikipiki inakosa nguvu na kiki inakuwa nyepesi. Afadhali tapeti inayosema kidogo kuliko iliyofungwa mdomo.

Injini hiyo ya CG inastahili maneno mawili zaidi, kwa sababu viwanda vya China vimeiiga sana na pikipiki zake zimejaa barabarani. Valvu zake zinasukumwa na fimbo ndefu za chuma. Ndani hamna cheni ya taiming. Kwa hiyo mtu akikwambia injini ya namna hiyo inahitaji cheni ya taiming, mrudishie funguo zake za spana na umwage. Lakini injini nyingine nyingi, hata zile za India zinazopendwa na bodaboda, zinayo. Hizo cheni ikilegea inalia kara-kara upande mmoja wa silinda, hasa unapoachia mafuta ghafla.

Mlio wa puf-puf karibu na mahali bomba la moshi linapoingia kwenye injini unafanana sana na tapeti. Tazameni kama pana masizi meusi pembeni ya nati. Yakiwapo, gasketi inavuja. Kazeni nati au badilisheni gasketi.

Kama mlio unatokea wakati wa kupanda mlima na mzigo tu, kama kokoto ndani ya debe, shukuni petroli. Petroli ya chupa za barabarani ikichanganywa na mafuta ya taa inawaka vibaya na kugonga. Punguzeni mafuta, ingizeni gia ndogo, na mkanunue petroli kituoni.

Pistoni iliyolegea hugonga asubuhi injini ikiwa baridi, halafu hupungua ikipata joto. Pikipiki ya namna hiyo inaweza kutembea muda mrefu bado, ila pimeni oili mara kwa mara na mtazame kama inatoa moshi wa bluu.

Lakini mlio mzito wa chini, go-go-go, ambao unazidi ukiongeza mafuta na unausikia mpaka miguuni, huo si wa kungoja kesho. Hiyo ni beringi ya konrodi. Zimeni hapo hapo, hata kama mmebaki kilomita mbili kufika. Konrodi ikikatika inaweza kutoboa ubavu wa injini, na pikipiki ikiganda mwendoni gurudumu la nyuma linaweza kukwama. Fikirini kama nyuma amekaa mama mjamzito anayepelekwa zahanati. Sukumeni.

Na kabla ya yote hayo, tazameni oili. Injini nyingi za ukubwa huu zinabeba kama lita 1 tu. Ikipungua robo ni hatari kubwa, na milio mingi huanzia hapo.

Wale ambao bado hamjanunua: fikeni kwa muuzaji bila kutoa habari mapema, na mguse injini kwa mkono kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, ameiwasha makusudi ili milio ya baridi isisikike. Semeni mtangoja ipoe. Chomoeni kijiti cha oili pia. Oili nzito kama asali huwekwa kuficha milio. Muuzaji akikasirika, nendeni zenu. Pikipiki ni nyingi.

Mkienda kwa fundi, msimwambie "inalia" basi. Ninyi mmehitimu kisomo, kalamu mnazo. Andikeni kwenye daftari: ilianza lini, baridi au moto, gia ya ngapi, mlimani au tambarare, ukishika klachi inabadilika au haibadiliki. Mlio ukibadilika mnaposhika klachi, pikipiki imesimama, fundi atatazama upande wa klachi na beringi za gia kwanza. Mistari mitano hiyo inampunguzia nusu siku ya kubahatisha, nanyi mnapunguziwa malipo yake.

Sasa tutoke nje. Kuna pikipiki tatu chini ya mwembe. Tutaanza na ile nyekundu, kwa kuwa imelala usiku kucha na injini yake bado ni baridi.